USIMWAMBIE MTOTO "HAIUMI": namna ya kumsaidia mtoto anapotolewa damu

Leo naomba tuache siasa na mpira kidogo, ingawa mpira utarudi huko chini kwa sababu ambayo mtaiona wenyewe. Nataka tuongelee kitu ambacho kila mmoja wetu amekisikia kwa masikio yake: mtoto anayetolewa damu.

Unaijua ile kelele. Umekaa kwenye benchi nje ya maabara unasubiri majibu yako, mara mlango unafungwa, halafu kinatoka kilio ambacho hata watu wazima kwenye foleni wanaangalia chini. Baadhi yetu tunacheka. Baadhi tunasema "watoto wa siku hizi wamedekezwa". Mimi nilikuwa kwenye kundi la wanaocheka, mpaka yakanikuta.

Dada yangu ana mtoto wa kiume, hapa tumwite Chidi, sasa ana miaka sita na ushee. Chidi ana sikoseli, wengine wanaita selimundu. Kwa wasiojua, ni ugonjwa wa kurithi ambapo chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali na upungufu wa damu. Hapa Tanzania inakadiriwa watoto kama 11,000 huzaliwa nao kila mwaka, yaani tupo kwenye orodha ya juu kabisa duniani. Na mtoto wa sikoseli maana yake ni kliniki, na kliniki maana yake ni damu. Leo wanaangalia wingi wa damu, siku nyingine figo, siku nyingine malaria. Dada anauza genge na asubuhi ndo soko lenyewe, kwa hiyo kumpeleka Chidi kliniki likawa jukumu la anko. Mimi huyu.

MAKOSA YANGU MAWILI

Mara ya kwanza Chidi alikuwa na miaka minne. Tulimshika watu wanne. Mimi miguu, nesi mkono, kijana wa maabara mkono mwingine huku akitafuta mshipa, na mzee mmoja wa kwenye foleni akajitolea kushika kichwa. Sindano ya kwanza ilikosa. Ya pili ikapata. Nilitoka mle ndani shati limelowa kama nimetoka kubeba zege, na Chidi hakuongea na mtu yeyote mpaka jioni.

Mara ya pili nikajifanya mjanja. Nilikuwa nimesikia kwamba mtoto ukimpotezea mawazo hasikii maumivu. Basi dokta alipokuwa tayari, nikamwambia, "Chidi, ona ndege mkubwa pale dirishani!" Akageuka. Sindano ikaingia. Nikajiona bingwa kwa sekunde kama tatu hivi. Kisha Chidi akageuza kichwa, lakini hakuangalia sindano, aliniangalia mimi. Ndo akaanza kulia. Baada ya hapo, karibu mwezi mzima, nikimwita nyumbani "Chidi, njoo uone," alikuwa anaficha mikono nyuma ya mgongo kabla hajaja.

Jamani, hilo linaonekana dogo, lakini sikilizeni lilipotupeleka. Msimu wa mvua uliofuata dada alimkuta asubuhi ndani ya neti amevaa fulana mbili na koti juu yake. Anatetemeka. Alipoulizwa akasema, "Siumwi, nasikia baridi tu." Mwili unawaka moto. Baadaye tukajua homa ilianza jana yake mchana, akanyamaza. Dada alipombana, akasema maneno ambayo sijayasahau: "Nikisema, mtanipeleka kwenye sindano."

Kwa mtoto mwenye sikoseli homa ni dharura. Wengu wake, ambao kazi yake mojawapo ni kupambana na bakteria kwenye damu, huharibika mapema, na maambukizi yanaweza kumlemea ndani ya masaa machache. Kwa hiyo ule woga tuliomtengenezea sisi wenyewe, kwa kumkandamiza na kumdanganya, ulikaribia kumuua. Alilazwa siku tano, akapona. Ndo maana naandika hii makala, maana nimegundua tunaojua kumtuliza mtoto ni wachache, wakati haihitaji hela.

MAMA WA MAABARA

Siku ya pili wodini alikuja mama mmoja wa makamo kuchukua damu. Nikaanza kujipanga kushika miguu. Akaniambia, "Subiri baba, kaa tu hapo karibu naye." Akavuta stuli akakaa, macho yake yakawa sawa na ya Chidi. Hakutoa kitu chochote kwenye trei.

"Hujambo mwanangu. Wewe unapenda nini?"

Kimya. Halafu, "Mpira."

"Timu gani?"

"Simba." (Mimi ni Yanga, lakini siku ile nilinyamaza.)

"Basi sikiliza nikwambie kazi yangu, na mimi nikupe kazi yako. Nitakufunga huu mpira mkononi, utabana kidogo. Nitapaka spiriti, ni baridi. Halafu sindano itaingia. Utasikia kama mtu amekufinya, na inaweza kuuma kidogo, lakini ni kwa muda wa wewe kufunga goli moja tu. Kazi yako ni mbili. Huu mkono ni nguzo ya goli, nguzo haitembei. Mdomo wako ni redio, unitangazie mechi, na upige kelele unavyotaka. Niko tayari kusikiliza. Wewe uko tayari?"

Wadau, yule mtoto alitangaza mpira. Alianza kwa sauti ya chini, anapeleka kulia, anarudisha kati, anampiga chenga. Sauti ikapanda. Sindano ilipoingia alikatika sekunde moja, akasema "aah!", mama wa watu akadakia bila kuinua macho, "Refa anapeta, cheza!" Chidi akaendelea. Kichupa chenye kifuniko cha zambarau kikajaa, mpira ukafunguliwa mkononi, na goli likapigwa wodi nzima ikasikia. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akapiga makofi. Chidi alikuwa na machozi machoni, sitawadanganya, lakini alikuwa anacheka.

Nilimfuata yule mama koridoni. Nikamuuliza tofauti ya hii na ndege wangu wa dirishani ni nini, maana zote ni kumpotezea mawazo. Akasema, "Wewe ulimwibia. Mimi nilimwomba."

Hapo ndo nikaenda kusoma.

KWA NINI INAFANYA KAZI?

Watu wengi wanafikiri maumivu yanakaa mkononi pale sindano inapoingia. Kumbe mkononi inaanzia habari tu. Neva zinabeba habari hiyo mpaka kwenye uti wa mgongo, kisha inapanda kichwani, na kichwani ndo inageuka kuwa maumivu. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walitoa nadharia kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama geti. Kuna vitu vinavyolifungua na vingine vinavyolibana. Ndo maana ukijigonga kiwiko mlangoni unasugua haraka haraka bila kufundishwa na mtu. Ile hisia ya kusugua inagombania njia na ile ya maumivu. Na geti hilo linapokea amri kutoka juu pia, kwenye ubongo.

Baadhi ya vipengele vya nadharia yao vimerekebishwa tangu wakati huo, lakini wazo kuu limesimama. Mwaka 2012 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, waliwachoma watu wazima mkononi kwa joto huku wakiwapa kazi ngumu ya kukumbuka, na wakati huo huo wakawapiga picha za uti wa mgongo kwa mashine ya MRI. Mtu akili yake ilipokuwa imebanwa na ile kazi, dalili za maumivu zilipungua kule kule kwenye uti wa mgongo, kabla hazijafika kichwani. Kuna zaidi. Walipopewa dawa inayozuia kemikali za mwili zinazofanana na mofini, nafuu ile ilipungua. Maana yake mwili unayo dawa yake ya maumivu, na kuielekeza akili kwingine ni njia mojawapo ya kuifungulia. Kwa hiyo mtu akikwambia "hayo ni mambo ya kudekeza tu", mwambie yanaonekana kwenye mashine.

Na kwa watoto je? Mwaka 2006 huko Siena, Italia, watafiti waliwachukua watoto 69 wa miaka 7 mpaka 12 waliokuwa wanatolewa damu, wakawagawa makundi matatu. La kwanza halikupewa kitu. La pili mama zao waliwachangamsha kwa maneno na michezo. La tatu waliangalia katuni kwenye TV. Kisha watoto wenyewe wakataja maumivu yao kwa kipimo cha 0 mpaka 100. Kundi la kwanza lilipata wastani wa 23, la mama 17, la katuni 9.

Akina mama msikasirike. Maelezo yanayoeleweka ni kwamba mama naye anaogopa, na mtoto anausoma uso wa mama yake kuliko gazeti. TV haiogopi. Fundisho ninalolichukua ni kwamba anayemchangamsha mtoto lazima kwanza ajitulize yeye.

Mwaka 2018 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulipitia majaribio 59 yenye watoto na vijana 5,550 wa miaka 2 mpaka 19 waliochomwa sindano za aina mbalimbali. Walikuta kwamba kumshughulisha mtoto na mazoezi ya kupumua vinaweza kupunguza maumivu au woga. Walikiri pia kwamba ubora wa ushahidi ni mdogo, na sababu mojawapo ni rahisi kuielewa. Kidonge unaweza kumpa mtu cha uongo bila yeye kujua, lakini huwezi kumficha mtoto kama anaangalia katuni au haangalii! Hata hivyo, ni kitu ambacho hakina sumu, hakina gharama, na Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2015 lilikiweka kwenye mapendekezo yake ya kupunguza maumivu ya chanjo kwa watoto wa chini ya miaka sita.

"LAKINI MBONA SISI TULICHOMWA TUKAKUA?"

Tulikua, ndiyo. Ila tujiulize tulikuaje. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2019 ulikuta woga wa sindano uko kwa asilimia 20 mpaka 50 ya vijana balehe, na asilimia 20 mpaka 30 ya vijana wakubwa kidogo. Yaani kwenye hiyo kafe uliyokaa, ukiwa na watu kumi, wawili watatu wanaogopa sindano, na pengine mmoja wao ni wewe unayeahirisha kupima tangu mwaka juzi.

Zamani hata madaktari walikuwa na imani mbaya kuliko yetu. Mpaka miaka ya 1980 watoto wachanga walikuwa wanafanyiwa upasuaji wakiwa na dawa kidogo sana ya maumivu, kwa sababu wengi waliamini kichanga hasikii vizuri. Mwaka 1987 madaktari Anand na Hickey walichapisha makala iliyokusanya ushahidi kwamba kichanga anasikia, tena sana. Na mwaka 1998 huko Marekani ikaonekana kwamba watoto wadogo wenye kansa ambao kipimo chao cha kwanza kilifanywa bila dawa halisi ya maumivu, waliumia zaidi kwenye vipimo vilivyofuata hata walipopewa dawa. Mwili unakumbuka. Sindano ya kwanza inaenda na mtoto kwenye sindano ya pili.

Kwa hiyo "atazoea" siyo kweli kila mara. Chidi hakuzoea. Alijifunza kuficha homa.

FANYA HIVI

Nimeandika kwa lugha rahisi ili hata ukiagizwa ghafla umpeleke mdogo wako, uwe na pa kuanzia.

1. Sema ukweli, kwa kifupi, mapema. Mtoto mdogo mwambie siku hiyo hiyo, mkubwa mwambie jana yake. "Tunaenda kutolewa damu kidogo ili dokta ajue mwili wako ukoje. Utasikia kufinywa. Nitakuwa na wewe." Kama anaogopa damu itaisha, mpe hesabu. Mtoto wa kilo 20 ana damu kama lita moja na nusu, na kichupa kimoja cha watoto ni mililita chache, chini ya kijiko cha chai. Mwili unatengeneza nyingine.

2. Kama hajaambiwa akae na njaa, anywe maji kabla hamjatoka, na mikono iwe ya moto. Mshipa wa mtoto mwenye kiu na baridi unasumbua kuuona, na sindano inayokosa ndo inayotisha kuliko zote.

3. Usimlaze chali na kumkandamiza. Mpakate. Mtoto mdogo mweke kifua kwa kifua, au mapajani mgongo wake ukiwa kwako, mkono mmoja tu ndo umetolewa kwa dokta. Utamshika, ndiyo, lakini kwa kumkumbatia. Kulazwa chali huku watu wanakuinamia kunamtisha hata mtu mzima.

4. Mpe kazi kulingana na umri.

Mchanga na wa chini ya mwaka mmoja: ziwa la mama, aanze kunyonya kabla ya sindano na aendelee wakati inaingia. Hii ni nzuri kuliko maneno yote. Kama mama hayupo, mpakate umtikise taratibu, na kitu kinachotoa sauti, hata funguo.

Miaka miwili mpaka mitano: kupuliza. Mapovu ya sabuni ni mali, kikopo kidogo na kijiti chenye tundu vinatosha. Huna? Inua vidole vyako vitano mwambie ni mishumaa, aizime mmoja mmoja, na wewe uwe unagoma kuzimika. Kupuliza kunamfanya atoe pumzi ndefu, na mtoto anayetoa pumzi hawezi kuibana kwa woga.

Miaka sita mpaka kumi na moja: kutangaza mpira, gemu kwenye simu, kuhesabu kurudi nyuma, au vitendawili. Kitendawili! Tega. "Chumba changu kina magurudumu, kinajaa lakini hakijai." Chidi alikisia daladala kabla mpira wa mkononi haujafungwa, kwa hiyo andaa zaidi ya kimoja. Kama ni katuni, pakua kabla hamjatoka nyumbani. Mimi siku moja bando liliisha katikati, Ubongo Kids ikaganda, na dokta anapaka spiriti. Tukarudi kwenye mpira.

Miaka kumi na mbili kuendelea: muulize. Huyu ukimpa mapovu ya sabuni utamdhalilisha. Wengine wanataka spika za masikioni na muziki wao, wengine wanataka kupiga stori. Akisema huwa anaishiwa nguvu au kuzimia, mwambieni dokta mapema atolewe damu akiwa amelala.

5. Kuna watoto wanaotaka kuangalia sindano. Waacheni waangalie! Wapo ambao kutokujua kinachoendelea kunawatisha kuliko kukiona. Huyo kazi yake iwe kuangalia na kukuelezea, kichupa kimefika wapi, rangi ya kifuniko ni ipi.

6. Anza kazi kabla ya sindano, na isiishie sindano inapotoka. Endelea mpaka pamba na plasta. Ukianza baada ya mtoto kuanza kupiga kelele, umechelewa. Hatakusikia.

7. Kama hospitali ina krimu ya ganzi, uliza. Inapakwa kama saa moja kabla. Sehemu nyingi haipo, na hata ikiwepo haikatazi mchezo. Vyote vinaenda pamoja.

USISEME HIVI

"Haiumi." Itauma, na atajua umemdanganya, na kesho hatakuamini hata ukisema ukweli.

"Mwanaume halii." Analia. Mwache alie, kinachotakiwa ni mkono utulie.

"Ukiwa mtukutu dokta atakuchoma sindano." Hii ndo sumu kubwa majumbani kwetu. Tunamgeuza dokta polisi, halafu siku ya kuumwa tunashangaa mtoto anakimbia. Kama unaitumia hii kumlaza mdogo wako, nakuomba iache leo.

Na kuna moja itakayowashangaza. "Pole, pole, usiogope, pole mwanangu" ikirudiwa rudiwa wakati sindano inaingia. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada waliwauliza watoto wa miaka 5 mpaka 10 namna wanavyowaona wazazi wao wakati wa kutolewa damu. Watoto waliona mzazi anayewatuliza kwa "usiogope" kuwa ndo anaogopa zaidi kuliko yule anayepiga stori nyingine. Ukifikiri vizuri ni kweli. Mtu akikushika bega akakwambia "usiogope" utageuka kutafuta simba yuko wapi. Pole yetu ni nzuri, ni malezi yetu, siisemi vibaya. Ila iweke baadaye. Wakati wa sindano mpe stori.

Baada ya hapo msifie kwa kitu alichokifanya kweli: "Mkono wako ulikaa kama nguzo." Mkifika nyumbani asimulie alivyotangaza mechi, siyo alivyolia. Ile atakayoisimulia ndo ataenda nayo kliniki ijayo.

KWA NDUGU ZETU WA MAABARA

Najua mtasema hamna muda. Foleni imefika getini, mko wawili, umeme umekatika. Siwalaumu, nimekaa kwenye hayo mabenchi najua mnavyofanya kazi. Lakini nilihesabu kwa saa yangu. Siku tuliyomshika Chidi watu wanne, ilichukua karibu robo saa na sindano mbili. Siku ya yule mama, toka alipovuta stuli mpaka plasta, haikufika dakika sita. Hiyo ni hesabu ya mtoto mmoja, siyo utafiti, lakini mtoto aliyetulia mshipa wake haukimbii, na wa nyuma yake kwenye foleni hakusikia kilio cha kumtisha.

Na sindano zimeongezeka. Toka mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila anayehisiwa malaria apimwe kabla ya dawa, na ni jambo jema sana. Lakini kila homa maana yake ni kidole kutobolewa. Mtoto wa Kibongo mwenye afya tu anatobolewa mara ngapi mpaka aanze darasa la kwanza? Mwenye sikoseli je?

MWISHO WA STORI

Siwezi kuwaambia kwamba Chidi sasa anapenda sindano. Hapendi. Usiku wa kuamkia kliniki bado anauliza mara tatu tatu kama kesho kuna damu, na mimi namjibu ukweli. Kuna siku mpira haukufanya kazi, akalia mwanzo mwisho, tukamaliza tukaenda kununua juisi ya miwa kama kawaida. Hakuna njia inayofanya kazi kila siku.

Ila wiki tatu zilizopita, usiku, alikuja chumbani kwangu akanigusa bega. "Anko, nina homa." Nikapima, ni kweli. Saa tano usiku tukachukua bodaboda, yeye katikati, dada nyuma. Njiani akaniuliza, "Kutakuwa na sindano?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa kimya mpaka tunakaribia geti la hospitali, kisha akasema, "Basi leo nitatangaza Simba na Yanga. Na nyinyi mnafungwa."

Tulifungwa tatu bila. Nimekubali.

Haya wadau, na nyinyi tupieni ya kwenu hapo chini. Ulipokuwa mdogo nani alikushika, na alikwambia nini? Na wale wa maabara na manesi mnaotembelea hapa, kama mna mbinu nyingine mwageni, kuna anko mwingine huko anaisoma hii huku kesho asubuhi ana kliniki.